Mipangilio ya Kidole Kimoja

Kompyuta ya sebuleni ilikuwa ikigonga kwa ndani, ko, ko, ko, na Semeni alikuwa ameibana simu kwa bega.

“Diski inakufa, mama,” fundi alisema. “Nakili mipangilio yote kwenye flashi sasa hivi. Ikizima kabla hujamaliza, mtaanza upya.”

Kuanza upya! Tangu kiharusi kimnyang'anye mumewe sauti, Kihiyo alizungumza kwa kubonyeza herufi kwa kidole kimoja, na kompyuta ikamsomea maneno yake kwa sauti. Iliwachukua miezi saba kuirekebisha ipuuze mtetemeko wake, isubiri sekunde tatu ndipo ikubali herufi.

“Funga kwanza programu ya sauti, la sivyo haitanakili.”

Akaifunga. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Hapo hapo Kihiyo akaanza kubonyeza. Macho yalikuwa yamemtoka, kidole kikidunda kwenye herufi, na hakuna kilichosikika.

“Subiri, Baba Rehani, jamani! Si ni sauti yako ninayoiokoa?”

Hakusubiri. Asilimia sitini. Themanini na moja. Mstari ukaganda, kugonga kukakoma, kioo kikawa cheusi.

“Haloo? Mama?”

Semeni akaiweka simu chini. Kidole cha Kihiyo kilikuwa bado kinabonyeza. Akakiinua taratibu, akakiweka juu ya kiganja chake, akafumba macho.

Moja. Mbili. Tatu.

Mtetemeko ukapita, na kwenye ngozi yake kidole kikaanza kuchora herufi ya kwanza.