Marahaba ya Zahor

Tangu Zahor aangushwe ulingoni, kwa mara ya kwanza maishani, jina lake limechukuliwa na mshindi. Ndiyo sheria ya mabondia wa uzani wa juu. Na kwa kuwa milango siku hizi humtambua mtu kwa jina, hata wa kwake mwenyewe anafunguliwa na mkewe, Bishara.

“Rudiana naye, ulikomboe,” Bishara alimwambia.

“Daktari kasema ngumi moja tu, macho kwaheri.”

“Basi kalinde bohari. Huko hawaulizi jina, wanauliza kifua.”

“Na Mwanaidi Zahor, binti yetu, atakuwa wa nani?”

Mlango ukajifungua wenyewe. “Karibu nyumbani, Zahor,” ukasema. Lile jitu lililompiga likaingia na halua mkononi.

“Shikamoo, baba,” Mwanaidi akaamkia, macho sakafuni.

Babake akafungua kinywa kuitikia, lakini marahaba ikatoka kwa lile jitu mlangoni.