Turudi Swali la Kwanza

Binti wa chuo, mtafiti, alipouliza ilikuwaje mshonaji akaacha kazi kiwandani, mume wa mshonaji alidakia, kama alivyodakia maswali yote. Yeye bado ni msimamizi kulekule.

"Aliacha mwenyewe. Andika hivyo."

Simu iliyokuwa ikirekodi ilikuwa mbele ya mume. Mshonaji akanyoosha kidole chenye kovu la sindano, akaiburuta taratibu hadi upande wake wa meza.

"Mama watoto, utanimwagia unga," mume alinong'ona.

"Wangu uliumwaga wewe, ulipotia sahihi nifukuzwe na mimba yako tumboni."

Mume akainuka. Mshonaji hakumtazama, aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Aliyosema huyu usifute, mwanangu," alimwambia mtafiti. "Sasa turudi swali la kwanza."