Mkwaju wa Mwanakombo

Siku hizo kila aliyetimiza miaka hamsini alipewa cheti kinachotaja mwaka wake wa kufa, na vyeti havikukosea. Mwanakombo wa Tanga alikuwa amebakiza miaka minne. Mumewe, Shekue, alibakiza kumi na tisa.

Kwa miaka ishirini na mbili Mwanakombo alikuwa amelea mkwaju ndani ya chungu kipana, mti mzima usiozidi urefu wa mkono. Alasiri moja alirudi kutoka sokoni akakuta kisiki kitupu. Matawi yote yalikuwa sakafuni, na Shekue anafuta msumeno.

"Baba Tunu, umefanya nini?"

"Shina lilikuwa jembamba, Mama Tunu. Si wewe uliyesema dawa yake ni kuukata wote, uchipue upya? Tukivumilia miaka kumi, utapendeza ajabu."

"Tuvumilie, mimi na nani?"

Shekue aliinama, akaanza kuokota matawi.

Hasira zilimpanda Mwanakombo hadi masikio yakavuma. Matawi yangeota tena. Kilichomchoma ni kwamba mumewe alikaa akaipanga miaka yake, na yeye hakuwemo.

"Minne tu!" alifoka. "Minne imekushinda kuningojea?"

Alikibeba chungu hadi chumbani, akajifungia nacho.

Asubuhi Shekue aligonga mlango, akasema kwa upole kwamba kisiki kinahitaji jua, la sivyo hakitachipua. Kama mkewe alikuwa ametia chochote tumboni tangu jana, hakuuliza.