Kinanda Kilichosikilizwa

Siku hizo sheria ilikataza kukarabati kitu chochote cha kale kabla hakijasikilizwa, maana mashine zilikuwa zimejua kuzitoa sauti zilizoganda ndani ya madini. Ndiyo maana baada ya Misa waumini walibaki mabenchini, wakingoja kinanda cha mabomba cha parokia yao kiseme.

Osmunda aliketi kando ya mumewe, Otmari.

Fundi alibonyeza mashine yake. Ikatoka sauti ya msichana akilia: “Yesu wangu, nimelivunja bomba!” Kisha msichana yuleyule, sasa sauti kavu: “Ni Otmari, Padre. Yule anayevukuta mivukuto ya kukitia kinanda upepo.”

Kanisa zima likaitambua sauti hiyo, likamgeukia Osmunda. Kwa kosa hilo Otmari alifukuzwa kwaya miaka arobaini iliyopita. Na nyumbani, Osmunda huyohuyo alizoea kumtania mbele ya watoto: “Baba yenu mpeni kikombe cha plastiki, huyo mvunja vitu.”

Ikafuata sauti ya kijana aliyekuwa nyuma ya kinanda, akijisemea taratibu: “Nimemwona. Basi, acha niwe mimi.”

Osmunda alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Baba Wigbeti,” alimnong'oneza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “kumbe ulijua?”

“Kinanda kitapona,” Otmari alijibu, macho yakiwa altareni.

Jioni Osmunda alimwekea chai kwenye kikombe cha udongo, kile cha wageni. Otmari alikitazama kidogo, akaimimina chai yote kwenye kile cha plastiki, akanywa.