Almasi ya Marehemu Mume Wangu

Siku hizi maiti hazizikwi. Zinageuzwa almasi za kuchongea chuma, na mjane ndiye anayekabidhiwa mashine. Mume wangu Shebughe, mvivu aliyeshindwa hata kuchota maji, sasa anachonga sufuria za chuma kiwandani. Eti mchapakazi! Chuma kikipata moto huinyonya almasi ikayeyukia ndani yake, kwa hiyo sharti nipulize hewa ya baridi kali ili isichakae.

Mama mkwe hupita kila asubuhi. "Mkamwana, umempoza mwanangu?"

"Nimempoza, mama."

Uongo mtupu. Bomba la hewa nimelifunga makusudi.

Jana almasi iliisha kabisa. Nilirudi nyumbani nikicheka, nikamkuta mama mkwe anasonga ugali kwenye sufuria mpya ya kiwandani kwetu.

"Kula, mkamwana," akasema. "Yumo humu. Hatachakaa tena."