Kioo cha Mlangoni kwa Riziki

Kisa hiki alinisimulia jirani yangu Mwanakombo, juzi tukipeta mchele.

Siku hizi kila nyumba sharti iwe na kioo cha matangazo mlangoni. Riziki aliambiwa achague mtambo wa kukiendesha: upo unaoupa maneno mwenyewe, na upo unaosikiliza ya ndani ukajitungia. Kwa uvivu wake akachukua wa pili.

Mama mkwe alipofika na mkoba wake, alikuta kioo kimeandika aliyoyasema Riziki asubuhi kwa mumewe: “Mama yako nzige, atatumalizia wali.”

Akasoma, akapiga hodi. Riziki alipofungua mlango, naye akayaona maneno yale.

Kwenye sinia mkwe alimega tonge moja, akanawa.

“Ongeza, mama.”

“Nimeshiba, mwanangu.”

Riziki hakuweza kuinua uso. Alasiri mkwe alijilaza mkekani, tumbo likimnguruma, na Riziki alikaa akilisikiliza mpaka usingizi ukamchukua mama wa watu.