Kabaila Aliyemzika Mama Yake

Kagendo hakuwa amekimaliza kitabu, na wageni, wenzake wa chama cha kusoma vitabu, walikuwa wameshaketi sebuleni kwake, Sugar Land, huko ughaibuni. Kujitakia mwenyewe: riwaya ya Kikroatia, ya karne ya kumi na tisa, aliichagua kwa sababu ya kasri lililochorwa kwenye jalada. Alipenda wenzake wamwone mtu wa hadhi.

Riwaya yenyewe ni ya kijana wa kijijini anayejifanya kabaila. Anampenda binti wa kasri, na ili apewe mke anawaambia wakwe kwamba mama yake alishakufa. Mama yuko hai, analima viazi.

"Aki mimi ningem-slap!" Kerubo aliruka. Alikuwa nesi, hata zamu ya usiku haikuwahi kumpunguzia sauti. "Mama yako mzazi, unamzika akiwa hai?"

Wote walicheka. Kagendo naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Mandazi yaliletwa na bibi mwenye kilemba, ambaye Kagendo alishamtambulisha kwao kuwa ni msaidizi wa kumwangalizia watoto. Yasinta, Mtanzania, alisimama akapokea sahani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi alijibu, akarudi jikoni.

"Haya, Kagendo, tuambie mwisho," alisema Kerubo. "Siku ya harusi yule mama alijitokeza?"

Kagendo alikifungua kitabu, akakifunga. Uso ulimwaka moto. Yeye aliyewasumbua wenzake kwa meseji kila Jumapili wasome, mwenyewe aliishia katikati.

"Sijamaliza," alisema. "Nilishindwa." Aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Yasinta alimshika bega. "Mwacheni jamani. Mmesahau mwenzetu alifiwa na mama akiwa mdogo? Na sisi tunapiga kelele."

Kerubo aliomba radhi mara tatu, akamkumbatia, akamwachia hata chupa ya asali aliyokuja nayo. Kagendo alipokea yote bila kuinua macho.

Gari la mwisho lilipoondoka, aliingia jikoni. Bibi alikuwa akiosha vikombe.

"Wameenda?"

"Wameenda."

"Na yule mama wa kitabuni, alijitokeza?"

"Sijui."

Bibi alifunga bomba, akampa kitambaa cha kukaushia.

"Hakujitokeza," alisema. "Hata mimi sikukuzaa nije kukuaibisha mbele ya wageni."